R nne na daftari la makato

Ukimwambia mtu wa Newala au Tandahimba kwamba unakwenda chamani, hakuulizi ni chama gani. Anakuuliza kama fedha zimeingia. Huku kwetu Mtwara chama ni chama cha msingi cha wakulima wa korosho: ghala la bati, mizani mlangoni, karatasi za minada zilizobandikwa ukutani mpaka zimepauka, na wazee waliokaa juu ya magunia matupu wakimsubiri karani. Vile vyama vingine, vyenye bendera na nyimbo, tunavitaja kwa majina yake.

Nimehudhuria mikutano ya chama cha msingi mingi kuliko ya kampeni, na upo mmoja ambao sijausahau. Katibu alikuwa anasoma makato: ushuru wa halmashauri, mchango wa chama kikuu, usafirishaji, ghala, magunia. Alipofika kwenye unyaufu, yaani kilo zinazopungua korosho ikiendelea kukauka ghalani, akasimama mjomba wangu mmoja. Kijiji kizima kinamwita Ngangari, kwa sababu ni mtu wa CUF, chama cha upinzani, tangu uchaguzi wa 1995 na ule msemo wa chama chake hakuuacha hata wenzake walipouacha.

"Katibu, korosho yangu imeingia Jumatatu, imeuzwa Ijumaa. Imenyauka saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyefuata kusimama alikuwa balozi wa nyumba kumi wa CCM, chama tawala, mtu ambaye aliwahi kumshtaki mjomba kwa mtendaji kwa kutundika bendera kwenye mwembe wa shule. Nilidhani anasimama kumzima. Akasema Ngangari ameuliza vizuri, daftari lisomwe upya, mstari kwa mstari. Likasomwa upya. Jua lilizama tukiwa hapo, mistari ya mwisho tulisomewa kwa tochi ya simu.

Hakuna aliyetaja maridhiano siku ile.

Neno hilo tulilisikia baadaye, tena kutoka juu kabisa. Tarehe 1 Julai 2022, siku mfumo wa vyama vingi ulipotimiza miaka 30, Rais Samia Suluhu Hassan alichapisha makala kueleza namna anavyotaka kuiponya siasa ya Tanzania. Maridhiano, ustahimilivu, mageuzi, kujenga upya. Zikaitwa R nne, kwa herufi za Kiingereza, na tangu siku ya kwanza nimekuwa nikijiuliza inakuwaje falsafa ya kutuweka pamoja, ikisemwa kwa lugha inayotuweka pamoja, isiwe na hata neno moja linaloanza na hiyo R. Tuliache hilo.

Mimi niliamini. Nalisema mapema ili msomaji asidhani naandika kwa kinyongo cha zamani. Na sikuamini maneno matupu. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, chama kikuu cha upinzani, aliyekamatwa Julai 2021 na kushtakiwa kwa ugaidi, aliachiwa tarehe 4 Machi 2022 na siku hiyo hiyo akaingia Ikulu kuzungumza na Rais. Tarehe 3 Januari 2023 Rais akaondoa zuio la mikutano ya hadhara lililokuwepo tangu 2016. Mwezi huo huo Tundu Lissu, mwenzake wa Chadema aliyekuwa uhamishoni, akarudi nchini. Machi 8 Rais, mwenyekiti wa CCM, akaenda Moshi kwenye sherehe ya wanawake wa Chadema na kukaa chini ya bendera yao. Aliyekulia mahali ambapo vikao vya ndani vya upinzani vilikuwa vinafanywa kama vikao vya wachawi, usiku na kwa kunong'onezana, anajua uzito wa jambo hilo. Mjomba Ngangari alitoa bendera yake kwenye dari, ikiwa imeliwa na panya pembe mbili, akaitundika. Safari hii siyo kwenye mwembe wa shule.

Matumaini ya namna hii hayakuanza kwetu. Julai 2004, mjini Boston, Barack Obama, wakati huo akiwa seneta wa jimbo tu huko Illinois, aliuambia mkutano mkuu wa chama chake kwamba hakuna Marekani ya wahafidhina na Marekani ya waliberali, ipo Marekani moja. Miaka minne baadaye akachaguliwa Rais. Januari 2016, akiwa amebakiza mwaka mmoja, alisimama mbele ya Bunge la nchi yake na kukiri kwamba moja ya mambo machache anayoyajutia ni kuona chuki na shuku kati ya vyama viwili zimezidi katika utawala wake. Na huyo huyo Julai 2013 alikuwa Ubungo, Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme inayolishwa na gesi ya Songo Songo ya Kilwa, akieleza mpango wake wa umeme kwa Afrika. Ilikuwa takriban wiki sita tu tangu Mtwara iwake moto kwa ajili ya gesi.

Sidhani Obama alikuwa anadanganya Boston, wala sidhani Rais Samia alikuwa anadanganya alipoandika makala yake. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni la mganga mzuri aliyeshika mguu usiouma. Wote wawili waliutazama mgawanyiko kama ugonjwa wa mioyo: watu wamechukiana, wamesahau kuwa ni ndugu, wakikumbushwa watarudi. Hapa Kusini sisi hatujawahi kusahau kuwa ni ndugu. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, tumeoana na kutaniana kiasi kwamba msiba usiofika watani unaonekana umepooza. Nimeona mtani akiingia kaburini na kulala chali, akigoma kutoka mpaka wafiwa walipe, huku akimsema marehemu kwa ubahili wake, na mjane anacheka na machozi yakimtoka. Watu wanaoweza kufanya hivyo hawashindwi kukaa pamoja kwa sababu mmoja kavaa kijani na mwingine kavaa bluu.

Tena umoja wa kuvuka vyama tumeufanya, mara kadhaa, bila kuhimizwa na mtu. Desemba 27, 2012 Mtwara iliandamana kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Vyama vya upinzani vilitembea bega kwa bega, na wenye kadi za CCM hawakubaki nyumbani. Mwenye duka Chikongola na dereva wa bodaboda walikuwa na neno moja, "Gesi haitoki." Januari 2013 yakachomwa majengo, Masasi watu wakafa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akalazimika kuja Mtwara kukaa na watu na kuwasikiliza. Mei 22, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji ukawaka tena na wanajeshi wakaingia mitaani. Bomba lilijengwa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, na gesi ikatoka.

Umoja ule siutamani urudi. Ulikuwa umoja wa hasira, na nyumba za watu ziliungua. Lakini unakanusha ile hoja kwamba wananchi ndio wamegawanyika na viongozi ndio wanaotuita tuungane. Ulipokuwepo umoja, ulitisha kuliko mgawanyiko.

Miaka mitano baadaye tukajaribu kwa njia ya kistaarabu. Juni 2018 Serikali ilipeleka bungeni pendekezo la kuondoa utaratibu ambao asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje zilikuwa zinarudi kuendeleza zao lenyewe, ili fedha zote ziende Hazina. Wabunge wa Kusini wa CCM na wa upinzani wakasimama upande mmoja. Kwa waliozoea kuangalia Bunge lilikuwa tukio la nadra: mbunge wa chama tawala na wa CUF wakipokezana hoja ile ile, takwimu zile zile, mpaka jina la pembejeo lile lile, salfa. Walishindwa, sheria ikapita. Msimu wa 2017/18 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 300,000 za korosho. Uliofuata uzalishaji ukashuka, na tukaingia katika mkasa wa wakulima kukataa mnadani bei ya kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo, Rais Magufuli kutangaza shilingi 3,300, na malori ya jeshi kuja kubeba korosho. Simlaumu yeyote kwa kila tone la mvua. Ninachosema ni kwamba wale wabunge walipovuka vyama kwa ajili ya watu wao, hakuna aliyekuja kuwapongeza kwa kushinda mgawanyiko.

Kulikuwa na uvukaji mwingine uliopongezwa. Ulikuwa na jina lake, "kuunga mkono juhudi." Zuberi Kuchauka alishinda Liwale mwaka 2015 kwa CUF, akahamia CCM mwaka 2018, na Oktoba mwaka huo akarudi bungeni kwa jimbo lile lile akiwa na kadi nyingine. Cecil Mwambe alishinda Ndanda kwa Chadema, naye akahamia CCM mwaka 2020. Wapo na wengine. Kila mmoja ana haki ya kuhama, Katiba haimfungi mtu kwenye chama, ingawa inamfunga ubunge wake. Lakini tazama hesabu: uchaguzi wa 2015 CUF ilichukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Liwale, Mchinga na majimbo yote mawili ya Kilwa. Ilikuwa Kusini yenye rangi. Baada ya miaka mitano rangi karibu zote zikaondoka, na ukimuuliza mtu wa Dodoma atakwambia kwamba Kusini sasa ni shwari.

Niseme basi ninachokiona. Mgawanyiko wa vyama kwetu unakaa kwenye gharama ya kushindwa. Aliyeshindwa anapoteza nini? Si kiti tu. Mwenyekiti wa kijiji ndiye mwenye muhuri. Barua ya utambulisho ya mtoto anayekwenda kuomba kazi, jina kwenye orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF, kuhakikiwa kwa shamba ili upewe salfa ya msimu, shauri la mpaka wa mikorosho kati yako na jirani, yote yanaanzia pale. Mwenyekiti mzuri hambagui mtu, na wako wengi wazuri. Ila mtu mwenye akili hapangi maisha yake kwa kutegemea wema wa mwenyekiti. Anapanga kwa kutegemea muhuri. Ndiyo maana kijana anayesema nyumbani kwamba mawazo yake ni ya upinzani utamwona ana kadi ya CCM mfukoni. Hajabadilika moyo. Amekokotoa.

Sasa niende kwenye fomu, kwa sababu R nne zilikwamia hapo, siyo Ikulu. Novemba 27, 2024 tulifanya uchaguzi wa serikali za mitaa, wa kwanza tangu zuio la mikutano liondolewe. Jirani yangu, CUF wa zamani aliyehamia ACT-Wazalendo, alichukua fomu ya uenyekiti wa kijiji. Pale penye kazi aliandika "mkulima na fundi baiskeli." Kweli tupu, baiskeli yangu mwenyewe anaitengeneza yeye. Akaenguliwa. Alielezwa kwamba nafasi ni ya kazi moja. Alikata rufaa, na jibu likamfikia karatasi za kura zikiwa zimeshachapwa. Mgombea wa CCM, ambaye ni shemeji yake, alikuja usiku kumpa pole, wakala ming'oko pamoja uani. Nilikuwepo. Shemeji alikuwa na aibu ya kweli, alisema angependa kushinda kwa kura. Mioyo pale ilikuwa imeridhiana kabisa. Kitaifa CCM ilitangazwa kupata takriban asilimia 99 ya viti.

Yaliyofuata mnayajua. Aprili 2025 Lissu, aliyekuwa ameshachukua uenyekiti wa Chadema kutoka kwa Mbowe, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Chadema haikuwemo kwenye karatasi ya kura. Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, ikaja, intaneti ikazimwa, damu ikamwagika katika miji mbalimbali, na Rais akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Wiki chache baadaye ikaundwa tume ya kuchunguza, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Na neno maridhiano limerudi tena kwenye hotuba.

Wako wanaosema R nne zilikuwa hila tangu mwanzo. Ni tafsiri rahisi na siikubali, maana hila haikuhitaji kwenda Moshi. Ninavyoona mimi, maono yale yalikuwa na ngazi moja tu. Yalipatanisha viongozi na viongozi. Kikosi kazi kikaundwa chini ya Profesa Rwekaza Mukandala, kikakabidhi ripoti Oktoba 2022, sheria mpya za uchaguzi zikapita mwaka 2024 na Tume ikaongezewa neno "Huru" kwenye jina lake. Lakini hakuna aliyeshuka hadi kwa yule ofisa anayepokea fomu kijijini na kumuuliza: wewe ukimwacha mgombea wa upinzani akashinda kwa haki, kesho utakuwa na kazi? Kama jibu ni "sijui," basi mkutano wa hadhara ulioruhusiwa ni mazungumzo ya barazani tu yenye kipaza sauti.

Ajabu ni kwamba Rais Samia ametoka mahali ambapo jambo hili liliwahi kueleweka. Zanzibar walizika watu wao waliouawa kwenye maandamano ya Januari 2001. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyekuwa Rais wakati huo, aliandika uzeeni kwamba mauaji yale yalikuwa doa kwenye utawala wake. Ukaja muafaka wa Oktoba 2001, na watu Pemba wakaendelea kususiana dukani na mazikoni. Kilichobadilisha hali kwa miaka michache hakikuwa hotuba. Mwaka 2010 waliipigia serikali ya umoja kura ya maoni Julai 31, karibu thuluthi mbili ya wapiga kura wakakubali, kisha wakaandika kwenye Katiba yao kwamba chama cha pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais na kitapewa mawaziri. Walipunguza bei ya kushindwa. Mwaka 2015 uchaguzi ulifutwa na bei ikapanda tena, kwa hiyo siuzi mfano huo kama dawa. Nasema tu kwamba walipokuwa makini waliandika fungu la aliyeshindwa, kwa wino, kabla ya kura.

Hapa nirudi chamani, na niwe mkweli. Chama cha msingi si pepo. Tumeibiwa na makatibu, tumecheleweshewa malipo mpaka ada za shule zikapita, tumeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anaumwa na mnada ni wiki ijayo. Ngangari na yule balozi hawapendani, nina hakika. Kilichowafanya wasimame upande mmoja ni kwamba daftari lipo, linasomwa kwa sauti, na kila mtu ana risiti yake mfukoni ya kulinganisha. Mwaka ule walimwondoa mweka hazina kwa kunyoosha mikono. Mweka hazina alikuwa CCM, kura za CCM zilimwondoa, na msimu uliofuata alileta korosho yake ghalani kama kawaida, ikapimwa kwa mizani ile ile. Hiyo ndiyo siasa ninayoifahamu ambayo mtu alishindwa na asidhurike.

Wiki iliyopita nilimkuta mjomba nyumbani kwake anachambua korosho, anatenga zilizooza kabla hajazipeleka mizani. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia viongozi wanazungumzia maridhiano tena. Hakuinua macho.

"Marahaba, mpwa wangu. Na makato watasoma?"

Nikasema sijui. Akanirushia gunia nimshikie mdomo wake, maana karani hufunga saa kumi.